Kivuli cha Mwalimu Tumpale

Vivuli hulishwa saa moja asubuhi, kabla wenyewe hawajamaliza kunywa chai. Subilaga Mwambene, mfamasia, alikuwa na vivuli mia mbili na kumi na viwili vya kulisha, na katika miaka tisa ya kazi hiyo hakuwahi kuchelewa ila mara mbili, zote kwa sababu ya tope. Tukuyu ni Tukuyu hata wanasayansi wafanye nini. Mvua ikiamua kunyesha, inanyesha.

Ijumaa hiyo aliingia chumbani amevaa sweta mbili, akawasha taa ya bluu, akazisalimu rafu zilizojaa visahani vya kioo. Ndani ya kila kisahani kulikuwa na donge la nyama lisilozidi punje ya harage, lililooteshwa kutokana na tone la damu ya mgonjwa: kipande cha ubongo, kipande cha ini na kipande cha moyo, vyote vikiishi pamoja kwenye maji ya uvuguvugu. Wataalamu walisema vivuli haviwazi wala haviumii. Subilaga aliwaamini, lakini salamu haimpunguzii mtu kitu.

Kazi ya kivuli ilikuwa moja tu, kuonja kwanza. Dawa ambayo mgonjwa angeimeza kesho, kivuli chake kilidondoshewa leo. Sheria ilimtaka kila anayetumia dawa mbili au zaidi za akili awe nacho, na sheria hiyo haikutoka hewani. Dawa moja ni mgeni mstaarabu. Dawa mbili ni mawifi jikoni. Huwezi kujua kama watapatana mpaka uwaone wakigombea mwiko. Zamani, kabla ya vivuli, jiko lilikuwa mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Kivuli namba mia moja na arobaini kilikuwa kinatetemeka.

Subilaga alikisogeza chini ya lenzi. Kipande cha ubongo, ambacho kwa kawaida humetameta taratibu, kilikuwa kinameta kwa vishindo. Kipande cha moyo kilikuwa kinapiga mara thelathini na tisa kwa dakika, badala ya sitini. Kwenye kioo pembeni, Mizani, ile akili ya mashine inayopanga dozi za nchi nzima, ilikuwa imeandika kwa utulivu wake wa siku zote: *Dozi ya kesho imepitishwa.*

"Umepitisha nini wewe?" Subilaga aliiuliza.

Mizani haikuwa na maringo, ukiiuliza, inajibu. Ilisema kivuli kinaonyesha selani, moja ya dawa mbili za mgonjwa, imezidi. Lakini bangili ya mgonjwa, inayopima damu kila Jumapili, inaonyesha selani haifiki hata theluthi ya inayotakiwa. Kivuli na damu vikigombana, husikilizwa damu. Kwa hiyo katika wiki sita zilizopita imemwongezea mgonjwa selani mara nne.

Subilaga alikaa kwenye stuli. Namba mia moja na arobaini alikuwa Mwalimu Tumpale Mwaisaka, anayefundisha hesabu shule ya msingi, mama wa mtoto mmoja. Selani ilimnyamazishia sauti ambazo wengine hawazisikii. Wiki saba zilizopita daktari alimwongezea doriza, ya kumshusha pale furaha inapomzidi akaacha kulala. Kila moja kwa nafasi yake ilikuwa dawa nzuri. Zikikutana kwa wingi zinaupunguza moyo mwendo, kidogo kidogo, hadi pasipofaa.

Na kwa pengo kubwa namna hiyo kati ya kivuli na damu, kanuni ilikuwa na jibu tayari. Utoro wa dawa. Maana yake mgonjwa anatema vidonge, au anavificha, au anaviuza. Mfamasia akishabonyeza neno hilo, gari la bweni la wagonjwa wa akili linakuja, na mgonjwa anakaa huko siku tisini akimezeshwa mbele ya macho. Tumpale alikwishakaa bwenini miaka miwili. Alitoka miezi kumi na nne tu iliyopita.

Subilaga alimpigia simu mkuu wake, Daktari Mwasumbi, mzee mwenye busara nyingi na ujasiri wa wastani.

"Una mpaka saa kumi na moja jioni kuandika sababu ya pengo hilo," daktari alisema.

"Nataka kwenda nyumbani kwake kwanza, daktari."

Mwasumbi alikohoa. "Sikukwambia uende. Sikukwambia usiende pia."

*

Nyumba ya Tumpale ilikuwa chini ya barabara ya mashamba ya chai, na mbele yake kulikuwa na ua mrefu wa michongoma uliokatwa vizuri. Saa tisa alasiri mvua ilikuwa imepumzika. Tumpale alikuwa barazani akisahihisha madaftari.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Aa, Dada Subi! Shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za hapa?"

"Salama. Ingia tu na viatu, tope tumelizoea."

Tumpale hakuwa mjinga. Mtu wa vivuli haji nyumbani kwa mtu kunywa chai. Hata hivyo alimkalisha mgeni jikoni, penye joto, akammiminia chai, kwa sababu adabu ni adabu. Mdomo wa birika uligongagonga ukingo wa kikombe.

"Mikono ina nini?" Subilaga aliuliza.

"Ni mfungo huu. Siku ya tatu leo. Ukila mlo mmoja kwa siku mikono inakuwa ya bibi kizee." Alicheka, akaificha mikono chini ya khanga.

"Mwalimu, nina swali, nalo ni baya."

"Uliza. Darasa la sita wananiuliza mabaya zaidi."

"Dawa unameza?"

Sauti ya Tumpale ilikuwa ya chini na imenyooka, na Subilaga aliona bora angefokewa.

"Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, miezi kumi na nne. Tusekile ndiye msimamizi wangu. Nameza, nafungua mdomo, ananichungulia kama daktari wa meno. Mtoto wa miaka minane, dada. Sijakosa hata siku moja. Mkitaka kunirudisha kule, nitafutieni kosa jingine."

Subilaga aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alimwamini, na si kwa huruma tu. Miaka tisa ilikuwa imemfundisha waongo wanavyojitetea, na hawajitetei kwa kumtaja mtoto anayeweza kuulizwa. Basi kama dawa inaingia kinywani na haifiki kwenye damu, kuna kitu njiani kinaidaka.

"Unameza na nini?"

"Maji."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Unakula nini baada yake?"

Tumpale aliangalia juu ya kabati, akashusha macho. "Siku hizi, sili kitu."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu Jumatano ya Majivu."

"Na kabla ya Jumatano?"

Mwalimu aliyewazoea watoto wakorofi sitini kwa wakati mmoja alianza kuchezea pindo la khanga yake kama bibi harusi. "Dada, wewe mtu mzima. Usinicheke."

"Sicheki."

"Pemba."

Alisema kwa sauti ndogo. Ni vile vijiti vya udongo wa kuoka vinavyouzwa sokoni kwa mafungu, ambavyo mjamzito huvila hadharani bila kuulizwa, na asiye mjamzito huvila kwa kujificha. Tumpale alianza akiwa na mimba ya Tusekile. Mtoto akazaliwa, hamu ikabaki. Kwa miaka minane, ukitoa ile miwili ya bwenini, alikuwa akila kijiti kimoja mchana, shuleni, amegeukia ubao. Kisha ikaja doriza, ambayo ukiimeza inakuachia ladha ya msumari ulimini hadi saa nne. Akagundua kwamba akitafuna pemba papo hapo baada ya kidonge, ladha inaondoka. Kwa hiyo akahamisha kijiti cha mchana kikawa cha asubuhi, na kwa raha akaongeza cha pili.

"Wiki saba zilizopita," Subilaga alisema.

"Umejuaje?"

"Udongo hunasa dawa tumboni, Mwalimu. Unaishika na kutoka nayo, ile selani hasa. Mizani ikaona damu yako haina kitu, ikaongeza. Udongo ukanasa na hiyo. Ikaongeza tena."

"Na kivuli changu?"

"Kivuli chako hakijawahi kula pemba."

Walitazamana, wakaangua kicheko wote wawili. Ilikuwa nafuu kubwa. Mashine iliyogharimu akili za mabara matatu ilikuwa imeshindwa na kijiti cha udongo cha mama muuza sokoni. Lakini Subilaga aliacha kucheka kwanza, kwa sababu alikumbuka lile neno Jumatano.

"Kwa nini umeacha?"

"Si barua ya askofu! Ilisomwa parokia zote."

"Mimi Mmoraviani, Mwalimu. Nieleze."

"Alisema kila mwaka tunaacha nyama, tunaacha sukari, tunajisifia. Mwaka huu tuache kile tunachokipenda kwa siri." Tumpale aliinua mabega. "Nikajiuliza mimi napenda nini kwa siri. Jibu halikuhitaji hata kalamu."

Subilaga alimshika mkono, akaweka vidole viwili penye mshipa, akatazama saa. Arobaini na nne. Alihesabu tena, akapata arobaini na nne ile ile.

Alimweleza bila kupamba, maana Tumpale alistahili hivyo. Dozi aliyokuwa akimeza sasa ilipangiwa mtu mwenye udongo tumboni. Udongo umeondoka Jumatano, dozi imebaki. Selani yote inaingia, inakutana na doriza. Kutetemeka kule hakukuwa njaa. Na bangili isingepima damu mpaka Jumapili, wakati vidonge viwili zaidi vingekuwa vimekwishamezwa.

"Basi nisimeze cha kesho."

"Kinu kitajua. Kutomeza nako ni utoro. Tena ukikata ghafla, zile sauti zitarudi kwa kishindo. Inatakiwa ishushwe hadi ile ya mwanzo, na anayeishusha ni Mizani peke yake, ikipewa sababu."

Kinu cha nyumbani kilikuwa rafuni, karibu na chumvi, kijisanduku cheupe kisichozidi redio. Kila siku saa kumi alasiri kilisaga dawa zote za mgonjwa na kutoa kidonge kimoja cha kesho. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika ishirini.

*

Subilaga alitoa kibao chake cha kazi mkobani, akakiweka mezani. Orodha ya sababu ilikuwa fupi. Alipeleka kidole moja kwa moja kwenye *Kosa la mfamasia*.

Ilikuwa sababu safi. Dozi ingeshuka leo leo na Tumpale asingeguswa. Subilaga ndiye angeguswa, kwa kuwa alikwisha kuwa na makosa mawili ya kweli kwenye jalada, na la tatu lingemtoa kwenye chumba cha vivuli kwa mwaka mzima. Hilo hakulisema. Alikuwa amelitafakari kwa muda wa kunywa funda moja la chai na kuliona linabebeka.

"Hiyo ya juu yake imeandikwa nini?" Tumpale aliuliza. Macho ya mwalimu husoma hata daftari lililogeuzwa.

"Kitu kilicholiwa."

"Si ndiyo ukweli wenyewe?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona unaruka ukweli unakwenda kwenye uongo?"

"Kwa sababu ule unataka dole gumba lako, siyo langu. Na ukishaliweka, umekiri kwamba ulificha kitu kilichoharibu dawa. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya wauza vidonge, lakini haichagui. Siku tisini."

Nje, matone yalianza tena juu ya bati, ya kubahatisha.

"Nikikuta jibu la ajabu kwenye daftari moja," Tumpale alisema taratibu, "swali langu la kwanza ni kama kakosea mmoja au safu nzima."

"Mwalimu..."

"Yule mama wa pemba anamaliza gunia kwa wiki. Si wote wale wenye mimba. Na Jumatano kanisa lilijaa hadi nje. Wangapi wana vivuli, dada?"

Subilaga angeweza kusema hajui, na lisingekuwa uongo kamili. Chumbani mwake alijua watu wachache ambao dozi zao zilikuwa zimepanda siku za karibuni, akadhani ni huzuni ya masika. Vyumba vingine vya wilaya hakuvijua kabisa. Kilichomuuma ni kwamba swali hilo alikwishajiuliza mwenyewe, kwenye lile funda la chai, akalimeza.

"Mizani ikipewa sababu ya kweli," alisema, "inawatafuta wote wenye pengo kama lako, inasimamisha vidonge vyao. Bila dole la mgonjwa haipokei. Kwake ni uvumi."

"Kwa hiyo ulijua, ukaamua kutoniuliza."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilikuwepo siku ile ulipotoka, nikiwa nimeleta kinu hiki. Nilimwona Tusekile akijificha nyuma ya baba yake, akimuuliza huyu mama ni nani." Subilaga alikisogeza kibao pembeni. "Siwezi kukuomba hilo mara ya pili. Nikikuomba nitakuwa nakuonea."

Tumpale aliinuka, akaenda mlangoni, akasimama akitazama madaftari yake barazani. Yalikuwa yanarushiwa mvua. Aliyakusanya, akayapangusa moja moja kwa khanga, akayarudisha ndani. Kazi hiyo ilichukua muda kuliko ilivyohitaji, na Subilaga hakumharakisha. Saa ilisonga hadi kumi kasoro dakika sita.

"Naogopa," Tumpale alisema, amempa mgongo. "Nisikudanganye, naogopa kweli kweli. Kule chakula kinanuka dawa na hakuna anayekuita kwa jina."

"Kataa basi. Hakuna atakayejua."

"Wewe utajua. Na mimi nitasikia kengele ya msiba huko kilimani Jumatatu, nianze kujiuliza marehemu alikuwa anakula nini." Aligeuka. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini uso ulikuwa umetulia. "Mara ile nilichukuliwa usingizini, mtoto akaamka hana mama. Mara hii nitamkalisha hapo ulipokaa, nimweleze naenda wapi, kwa nini, na siku ngapi. Atazihesabu. Hesabu anaziweza, hakuzirithi kwa baba yake."

"Nitakuja kukuona kila Jumamosi."

"Utakuja. Na utawaandikia hao wenye sheria kwamba nilisema mwenyewe. Haya, lete hicho kibao kabla sijapata akili."

Aliweka dole gumba. Mkono ulitetemeka hata ikabidi Subilaga amshike kifundo mpaka kioo kiliposoma.

Mizani ilifikiri kwa muda ambao mtu angehesabu hadi kumi. Kisha iliandika: *Sababu imepokelewa. Namba 140, dozi imerudishwa ya awali. Utoro, siku tisini, gari Jumatatu saa tatu asubuhi.* Subilaga aliusoma mstari huo kwa sauti, akachukia kila neno lake. Mstari mwingine ulifuata. *Pengo linalofanana limeonekana kwa wagonjwa sitini na watatu. Vidonge vimesimamishwa. Wataitwa kupimwa leo.*

"Sitini na watatu," Tumpale alirudia, akakaa kitako kwa mara ya kwanza tangu ainuke.

Kinu chake kililia rafuni, mlio mwembamba wa mashine iliyokatizwa kazi, kikanyamaza. Kabla hawajasema neno, mlio ule ule ulisikika tena. Haukutoka rafuni. Ulitoka nje, ng'ambo ya ua wa michongoma.

"Baba Lusako! Njoo uone, hiki kidude kinalia!" sauti ya mwanamke ilipaza, kisha ikakatika ghafla, kama ya mtu aliyekumbuka kwamba majirani wana masikio.

Alikuwa Mama Lusako, katibu wa kwaya, mwanamke wa sauti kubwa na gauni zilizopigwa pasi, ambaye Tumpale alikuwa akimwogopa kuliko mtu yeyote wa mtaa ule. Tumpale alipotoka bwenini, ni kwa ajili ya huyo aliuacha ua wa michongoma urefuke.

"Naye?" Tumpale alinong'ona.

Kiapo cha Subilaga hakikumruhusu kumtaja mgonjwa. Alikuwa amekilisha kivuli cha Mama Lusako miaka mitano, akipishana na mwenyewe sokoni kana kwamba hawajuani. Aliinua kikombe na kunywa chai iliyokwisha kupoa.

Tumpale alijipangusa macho, akajifunga khanga vizuri, akatoka mvuani hadi penye ua. Subilaga alimsikia kutoka jikoni, sauti ile ile ya darasani, haina haraka.

"Mama Lusako! Usiogope, hakijaharibika. Changu nacho kimelia. Nifungulie mlango, mama, nina siri yangu nataka nikwambie."

Upande wa pili komeo la mlango likavutwa.